Taa Zikikataa Kuitika, Tusilaumu Ndimi Zetu

Katika miaka ya hivi karibuni, taa zinazoamrishwa kwa sauti zimeanza kuingia katika nyumba za Wakenya wenye uwezo wa wastani. Mtu hununua balbu, akaiunganisha na mtandao wa nyumbani, akaweka kando ya runinga kijisanduku chenye kusikia, na tangu hapo hana haja ya kunyanyuka kitini. Hutamka tu, na giza likatoweka. Kisha hufika siku ambapo taa hiyo hiyo, iliyokuwa ikitii kama askari gwarideni, hunyamaza. Mwenye nyumba huamrisha, akarudia, akapaza sauti, akabadilisha lafudhi na kujitia Uingereza, nacho kijisanduku kikamjibu kwa Kiingereza chenye adabu kwamba hakikumwelewa, au kwamba kifaa alichokitaja hakiitiki. Walio karibu hucheka. Na hukumu inayotolewa mara nyingi ni moja: "Ni matamshi yako hayo!"

Hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na katika kazi hiyo nimezoea kuwaona watu wazima, wenye heshima na elimu zao, wakizionea haya ndimi zao wenyewe. Wengi wanaoambiwa hivyo hawana kosa lolote la matamshi. Taa zao zimenyamaza kwa sababu nyingine kabisa, ambazo hata mzaliwa wa London zingemwacha gizani. Na pale ambapo ni kweli matamshi ndiyo yaliyokataliwa, lawama haistahili kuuendea ulimi uliotamka. Inastahili kuliendea sikio lililofunzwa kwa sauti za watu wengine. Mambo haya mawili yanachanganywa kila siku, na mwenye kuyachanganya hupoteza fedha kwa kununua balbu mpya asiyoihitaji, ama hupoteza kitu kikubwa zaidi ya fedha.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu jina. Wauzaji wetu huziita hizi "taa janja", kama wanavyosema "simu janja". Mimi silipendi sana jina hilo. Mjanja katika ngano zetu ni Sungura, na Sungura hakuwa mtumishi wa mtu. Wengine husema "taa erevu" au "taa mahiri". Lakini kila nikitafakari jinsi vifaa hivi vinavyotenda, naona pengine aliyechagua "janja" hakukosea sana.

Twende kwenye kiini. Msomaji anaweza kudhani kwamba sauti yake hutoka kinywani ikaifikia taa moja kwa moja, mithili ya mzazi anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. Sivyo. Kijisanduku kile kwa kawaida husubiri neno moja tu, nalo ni jina lake. Kikishalisikia jina hilo hunasa maneno yanayofuata na kuyapeleka kupitia intaneti hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyokiunda, mitambo ambayo aghalabu iko ng'ambo. Huko sauti hugeuzwa kuwa maandishi, maandishi yakapambanuliwa ili ijulikane msemaji anataka nini, kisha amri ikapelekwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, ile iliyounda balbu, ambayo huenda iko katika nchi nyingine tena. Kampuni hiyo ya pili ndiyo inayoirejesha amri kwa intaneti hadi kwenye ruta iliyo nyumbani, na ruta ikaifikishia balbu. Safari hiyo yote huchukua sekunde moja au mbili. Ni sawa na mtu kumwandikia barua jirani yake wa ng'ambo ya ua, barua hiyo ikapitia Ulaya na Marekani, ikafunguliwa na kusomwa na makarani wawili, ndipo ikamfikia jirani. Ajabu si kwamba taa hunyamaza siku moja moja. Ajabu ni kwamba huitika.

Kwa kuwa vituo vya njiani ni vingi, hitilafu nazo ni nyingi, na iliyo rahisi kuliko zote hupuuzwa: swichi ya ukutani. Taa ya namna hii hutakiwa iachwe ikipata stima wakati wote, hata inapokuwa imezimwa, kwa maana sikio lake nalo hula stima. Ilhali sisi tulilelewa tukikemewa tuzime taa kabla ya kutoka chumbani. Nyanya akija kukaa wiki moja kwa mwanawe, atapita kila chumba usiku akibonyeza swichi zote kwa nia njema ya kupunguza gharama, na asubuhi yake nyumba nzima inakuwa kiziwi. Kabla ya kumwita fundi, basi, tazama ukutani.

La pili ni stima yenyewe kupotea na kurudi. Stima inaporudi, balbu huamka mara moja ilhali ruta huchukua dakika kadhaa kusimama sawasawa. Balbu huutafuta mtandao isiuone, na baadhi yake hukata tamaa. Dawa yake ni kuisubiri ruta iamke kikamilifu, kisha kuizima balbu ukutani kwa muda wa kama sekunde kumi na kuiwasha tena. Lakini kuna hila nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Balbu nyingi zimeundwa hivi kwamba zikizimwa na kuwashwa haraka haraka mara tatu au tano hivi, hufuta kila kitu zilichofunzwa na kurudi katika hali ya utoto, zikingoja kuunganishwa upya. Aliyebuni utaratibu huo aliishi, bila shaka, mahali ambapo stima haipepesi. Katika mitaa ambako stima huenda na kurudi mara nne kwa dakika moja, taa inaweza kupoteza fahamu bila mtu yeyote kuigusa, nayo huonyesha dalili hiyo kwa kumetameta au kukataa kuonekana kwenye simu. Hapo hakuna budi kuianzisha upya kwa programu yake.

Nyumba inapohamia kwa mtoaji mwingine wa intaneti, au kijana wa nyumbani anapobadilisha nywila ya mtandao ili kuwafungia nje majirani, balbu hubaki zikibisha mlango usiokuwapo tena. Aidha, nyingi za bei nafuu hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, simu ikiwa kwenye mawimbi ya gigahezi 5 wakati wa kuziunganisha, huenda mbili hizo zisionane kabisa ingawa ziko meza moja. Ruta iliyo na masafa yote mawili chini ya jina moja huwasumbua watu sana katika jambo hili, na ni vyema kuyatenganisha majina hayo kwa muda.

Kisha kuna kile ninachokiita ndoa ya akaunti. Kampuni ya kijisanduku na kampuni ya balbu ni mbali mbali, na mwenye nyumba ndiye aliyeziozesha kwa kuiruhusu moja imwamrishe mwenzake. Idhini hiyo huweza kubatilika, hasa pale nywila ya akaunti mojawapo inapobadilishwa. Dalili yake ni ya pekee: ukitumia programu ya balbu kwenye rununu, taa huwaka bila wasiwasi, ukitumia sauti, hupati kitu. Anayeona dalili hii asiiguse balbu wala ruta. Aende kwenye programu ya msaidizi wa sauti, azitenganishe akaunti hizo mbili, kisha aziunganishe upya na kuamuru vifaa vitafutwe tena.

Kwa kweli jaribio hilo la simu ndilo kipimo bora ambacho mtu anaweza kukitumia bila ujuzi wowote. Ikiwa simu inaiwasha taa lakini sauti haiiwashi, kasoro iko upande wa masikio, ama akaunti, ama jina, ama lugha. Ikiwa simu pia inashindwa, kasoro iko upande wa balbu, ruta au intaneti. Na ikiwa hata swichi ya ukutani haiiwashi, hapo tunaweza kuzungumza juu ya kununua balbu mpya.

Lakini hata nyumba iliyotunzwa vizuri namna gani haiwezi kujikinga na yatokayo mbali. Tarehe 7 Desemba 2021, mitambo ya Amazon iliyoko mashariki mwa Marekani ilipata hitilafu, na msaidizi wake Alexa akawa bubu kwa watumiaji wengi. Kisa kama hicho kilirudi tarehe 20 Oktoba 2025. Sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu pia: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora nchini Kenya na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo mtu huweza kusimama sebuleni mwake, balbu nzima, stima ipo, swichi imewashwa, asipate mwanga kwa sababu ya waya uliokatika baharini maelfu ya kilomita kutoka alipo. Wapo pia walioonja yaliyo machungu zaidi. Aprili 2022 kampuni ya Kimarekani ya Insteon ilizima mitambo yake bila kuwaonya wateja, na watu walioweka taa zake nyumba nzima wakajikuta hawawezi kuziamrisha kwa programu wala kwa sauti. Mitambo hiyo ilifufuliwa miezi michache baadaye, baada ya kundi la watumiaji kuinunua. Je, tunapolipia taa ya namna hii, tunanunua taa au tunaipanga kwa mwenye nyumba tusiyemjua?

Haya sasa ni yale yasiyohusu ulimi hata kidogo. Nimeyatanguliza ili anayelaumiwa bure apate kujitetea. Nigeukie sasa yanayouhusu ulimi.

Alexa ilianza kwa Kiingereza mwaka 2014. Baadaye ikafundishwa Kijerumani, Kijapani, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kihindi na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Siri nayo, ambayo ilizinduliwa mwaka 2011, haina Kiswahili. Mkenya akitaka mwanga nyumbani mwake, sharti auombe kwa lugha ya kigeni, na sharti aiseme kwa lafudhi ambayo mtambo umeizoea. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban irabu 20 ukijumlisha zile zinazoambatana. Mzungumzaji wetu wa Kiingereza, kwa hivyo, huzikusanya irabu nyingi katika vikapu vichache, na hilo si kosa bali ni kanuni: ndivyo lugha zinavyokutana kote ulimwenguni. Tuna pia jamii ambazo lugha zao hazitenganishi "l" na "r". Binadamu anayetusikiliza huelewa kwa kuangalia muktadha. Mtambo uliofunzwa kwa sampuli za watu wa California huona neno jingine, ama hauoni neno lolote.

Wala haya si malalamiko yetu pekee. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima mitambo ya kutambua matamshi ya kampuni tano kubwa, yaani Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weupe, mitambo hiyo ilikosea kwa wastani wa asilimia 19 ya maneno. Kwa Wamarekani weusi ilikosea asilimia 35. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza, katika nchi ile ile ilikoundwa mitambo hiyo. Ikiwa mmiliki wa lugha hakuelewewa kwake, seuze sisi!

Jambo linalonichoma zaidi kama mwanaisimu ni kwamba Kiswahili kingeifaa kazi hii kuliko Kiingereza. Tazama amri mbili zinazotumika zaidi. Kwa Kiingereza ni "turn on" na "turn off". Mwanzo wake ni ule ule, irabu ya mwisho inakaribiana mno, na kinachozitofautisha ni konsonanti moja ya mwisho, ambayo kelele ya runinga au feni huimeza bila shida. Kwa Kiswahili ni "washa" na "zima". Hazishiriki chochote isipokuwa "a" ya mwisho. Hata mtu akiwa na kikohozi, hata mvua ikipiga bati, "washa" haiwezi kusikika kama "zima". Fauka ya hayo, silabi zetu huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali panapojulikana. Mhandisi aliyetaka lugha ya kuzungumza na mashine angekuwa na haki ya kutuonea wivu.

Sidai kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Kiswahili kina vikwazo vyake, na ni vikwazo vitamu. Nomino "taa" haibadiliki katika wingi, hivyo "washa taa" haisemi kama ni moja au kumi. Upatanisho ndio unaobeba habari hiyo, katika "iwashe" na "ziwashe". Anayetaka mtambo uelewe sharti aufundishe viambishi, si orodha ya maneno tu. Tena kuna adabu. Mtu wa Lamu aliyelelewa vyema hapigi amri kavu. Atasema "hebu niwashie taa", au "naomba uiwashe hiyo taa ya ukumbini". Mtambo uliofunzwa "washa taa" peke yake utamwona mtu huyo kama msemaji wa lugha nyingine. Kisha kuna Nairobi, ambako watu husema "zima stima" wakimaanisha taa, na ambako neno hilo "stima", lililoanza likiwa jina la meli ya moshi, Mtanzania huliacha na kusema "umeme". Na kuna vijana wetu ambao sentensi yao moja ina Kiswahili mwanzoni, Kiingereza katikati na Sheng mwishoni. Mimi si shabiki wa mchanganyiko huo darasani, lakini ndivyo nyumba nyingi zinavyozungumza saa moja ya jioni, na taa inawekwa nyumbani, haiwekwi darasani.

Kuhusu majina, nina ushauri wa dharura kwa wanaotumia vifaa hivi leo. Wengi huzipa taa majina ya Kiswahili, "sebule", "jikoni", "varanda", kisha wakauweka mtambo usikilize Kiingereza. Mtambo unapolisikia neno "sebule" hulitafuta katika Kiingereza, ukalisoma kama neno jingine lililo karibu, na kusema hakuna kifaa cha jina hilo. Hadi hapo lugha yetu itakapopokewa, ni afadhali jina liwe fupi, la lugha ile ile ambayo mtambo unaisikiliza, na lisifanane na jina la chumba wala la taa nyingine. Majina mawili yakilingana, mtambo hushindwa kuchagua. Ninautoa ushauri huu shingo upande.

Huenda msomaji akauliza kama Kiswahili kinaweza kusikiwa na mashine hata kidogo. Kinasikiwa. Tangu Agosti 2017 Google imewawezesha watu kuandika kwa kusema Kiswahili katika simu, na ikatofautisha cha Kenya na cha Tanzania. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017, umekusanya sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kawaida kwa hiari, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Ujuzi upo, basi, na sauti zipo. Kilichokosekana ni uamuzi wa wenye kampuni. Wao husema soko letu ni dogo. Kiitaliano kilipokewa na Alexa mwaka 2018, ilhali UNESCO hukadiria wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Najua, Mwitaliano ana fedha nyingi mfukoni kuliko mkulima wa Kitui, na kampuni huhesabu mifuko, hazihesabu vinywa. Lakini basi na waseme hivyo waziwazi, wasituachie tuamini kwamba ulemavu uko katika ndimi zetu.

Yamkini kuna anayesema kwamba haya ni mambo ya matajiri wavivu wa kunyanyuka. Kwa mtu mzima mwenye miguu miwili, ndiyo, ni anasa. Lakini mfikirie mama aliyepigwa na kiharusi upande mmoja wa mwili, anayelala peke yake katika nyumba aliyojengewa na wanawe. Mfikirie kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki. Kwa hao, kuweza kusema neno na taa ikawaka kabla ya kujaribu kutoka kitandani usiku ni usalama. Na mama huyo, tena, hajui Kiingereza. Akikijua, kiharusi kimeyabadilisha matamshi yake. Yeye anayekihitaji kifaa hiki kuliko sote ndiye kisichomsikia kamwe. Na usiku ambao intaneti imekatika, naye amezoea kuitegemea sauti, giza lake huwa na hatari kuliko la mtu mwingine.

Kwa nyumba ya mtu kama huyo, na kwa kweli kwa nyumba yoyote, swichi isiondolewe ukutani, na iwekwe mahali ambapo mkono ulio mzima unaweza kuifikia. Tena zinunuliwe taa zinazoweza kuamrishwa ndani ya mtandao wa nyumbani bila kupita ng'ambo. Kiwango kinachoitwa Matter, kilichotolewa mwaka 2022 na kuungwa mkono na kampuni kubwa, kinaruhusu vifaa vya kampuni mbalimbali kuelewana humo humo nyumbani. Hakitibu suala la lugha, na sauti yenyewe bado kwa kawaida husafiri; Amazon hata iliondoa, tarehe 28 Machi 2025, uchaguzi uliowawezesha baadhi ya wateja kuzuia rekodi za sauti zao zisitumwe kwake. Lakini angalau simu iliyo mkononi itaiwasha taa hata kama bahari imekata nyaya zake.

Serikali nayo isijifiche. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoilipia. Nimezitazama kasha za taa hizi madukani. Zinataja rangi milioni 16 ambazo balbu inaweza kuzitoa, lakini sikuona hata moja iliyotaja lugha zinazosikika. Mamlaka ya Mawasiliano hukagua vifaa vya mawimbi kabla ya kuviidhinisha kuuzwa nchini. Sioni kwa nini isidai pia kwamba kila kasha liandikwe, kwa Kiswahili, mambo matatu: kifaa hiki huamrishwa kwa lugha zipi, kinafanya kazi au hakifanyi intaneti ikikatika, na mwenye kukiunda ameahidi kuendesha mitambo yake hadi mwaka gani.